Wingi na Uzima: Muda wa Kujizuia na Ubora wa Mbegu za Kiume

Wanandoa wanaotafuta mtoto wamekuwa wakishauriwa mara kwa mara kwamba mume ajizuie kwa siku nyingi, kwa hoja kwamba kadiri mbegu zinavyolimbikizwa ndivyo uwezo wa kutungisha mimba unavyoongezeka. Mhadhara huu unashikilia kwamba ushauri huo huchanganya mambo mawili ambayo hayaendi sambamba siku zote, yaani wingi wa mbegu na uzima wake.

Mbegu ya kiume huundwa ndani ya korodani kwa takriban siku 74, kisha huingia katika epididimisi, mfereji mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani, ambamo hupita kwa siku kadhaa huku ikikomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Mkia wa mfereji huo ndio ghala la mbegu, lakini ghala hilo lina hasara yake, kwa kuwa mbegu iliyokwisha kukomaa karibu haiwezi tena kukarabati DNA yake, yaani kemikali inayobeba vinasaba, ilhali kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kushambuliwa na molekuli kali zitokanazo na oksijeni. Ndiyo maana kujizuia kwa muda mrefu huongeza ujazo wa shahawa na idadi ya mbegu, lakini huweza kudhoofisha mwendo wake na kuzidisha kukatika kwa DNA.

Mwaka 2005, Eliahu Levitas na wenzake nchini Israeli walichapisha uchambuzi wa sampuli 9,489, wakaonyesha kwamba kwa wanaume wenye mbegu chache, mwendo wa mbegu ulikuwa bora zaidi baada ya siku moja tu ya kujizuia. Mwaka 2009, David Greening wa Australia aliripoti kuhusu wanaume 118 wenye uharibifu mkubwa wa DNA ya mbegu, ambao walitoa shahawa kila siku kwa siku 7. Uharibifu ulipungua kwa asilimia 81 ya wanaume hao, ingawa kwa waliosalia uliongezeka, jambo linaloonya dhidi ya kuigeuza tiba hiyo kuwa kanuni ya kila mtu.

Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba sampuli ya kupimwa itolewe baada ya siku 2 hadi 7 za kujizuia, na fundi wa maabara huandika idadi ya siku hizo kwenye fomu, kwa sababu bila hiyo hesabu ya mbegu haiwezi kulinganishwa na vipimo vingine. Kipindi hicho, basi, ni kigezo cha upimaji, wala si ratiba ya chumbani. Kwa kuwa mwanamke huweza kushika mimba katika siku takriban 6 zinazoishia siku ya kupevuka kwa yai, wanandoa wengi watafaidika zaidi kwa kukutana kila siku au kila baada ya siku moja katika kipindi hicho kuliko kungoja siku moja inayodhaniwa kuwa ndiyo yenyewe.