Rubani, Ndege na Kutua: Hatari za Marubani wa Mwanzo katika Vita vya Afrika Mashariki, 1914–1918, na Maneno Yaliyosalia



1. Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza: mtaalamu wa Kiswahili ana shughuli gani na ndege za vita? Jibu langu ni kwamba historia ya maneno haitengani na historia ya watu walioyahitaji. Maneno ambayo leo tunayatamka bila kufikiri, kama rubani, ndege, usukani na kutua, yalipata maana mpya katika zama ambazo kuruka angani kulikuwa ni kucheza na mauti. Azma ya mhadhara huu ni kuzieleza hatari hizo kama zilivyotokea katika nchi yetu, kisha kuuliza lugha yetu ilihifadhi nini katika mambo hayo, na nini ilikiacha kipotee.

2. Chombo chenyewe

Ndege ya wakati ule ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyoshikizwa kwa nguzo za mbao na nyaya. Mbao zilivikwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, nayo dawa hiyo ilishika moto upesi. Rubani alikaa mahali pa wazi, akipigwa na upepo, akiwa karibu na tangi la petroli. Marubani wa Uingereza hawakupewa miavuli ya kujiokolea katika ndege zao hata vita vilipokwisha mwaka 1918. Hivyo, moto ulipozuka angani, rubani alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuungua au kujitupa.

Hatari hizo zilikuwako Ufaransa na Ubelgiji pia. Lakini huku kwetu ziliongezeka nyingine. Joto hulifanya anga kuwa jepesi; bawa hupungukiwa na nguvu ya kuinua na injini hupungukiwa na nguvu ya kuvuta. Gundi iliyounganisha mbao ililegea, mbao zikapinda, na rafadha zikapasuka. Chombo kilichoundwa kwa hali ya hewa ya Ulaya kilianza kuoza tangu siku kilipoteremshwa melini.

3. Rufiji, 1914–1915

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliziba midomo ya mto, lakini mikoko iliwazuia kuiona. Aliyeletwa kuitafuta ni rubani wa kiraia, Dennis Cutler, kutoka Durban, pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Rejeta ya ndege ile ilipoharibika, ilitafutwa ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Cutler aliiona Königsberg, lakini mwezi Desemba 1914 injini yake ilikufa, akashuka mtoni, akatekwa.

Ndege za Sopwith zilizoletwa mwaka 1915 zilishindwa na joto. Zilipobebeshwa mabomu ziliweza kwa shida kuinuka majini. Hatimaye zikatumiwa ndege za magurudumu kutoka kiwanja kilichofyekwa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, John Cull, akiwa rubani, na Harwood Arnold, akiwa mwangalizi, waliruka juu ya delta ili kuelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey, zilizokuwa zikipiga shabaha zisiyoiona, takribani kilomita 10 mbali. Ndege yao ilipigwa, injini ikavunjika. Wakati chombo kikiteremka bila injini, Arnold aliendelea kupeleka kwa simu ya upepo masahihisho ya shabaha. Walianguka mtoni karibu na Mersey. Arnold alirushwa nje. Cull alinaswa chini ya maji kwa muda kabla ya kujinasua. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mwisho wa Königsberg.

Delta ile haikuacha kudai watu. Mwezi Januari 1917, Edwin Moon na Richard Bridgeman walilazimika kushuka humo kwa hitilafu ya injini. Walitangatanga katika vijito na mikoko, wakaunda chelezo, mkondo ukawachukua hadi baharini. Bridgeman alikufa, Moon aliokoka, akatekwa.

4. Bara

Mwanzoni mwa mwaka 1916 kikosi cha 26 cha ndege, kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini, kilifika Mombasa na kupiga kambi Mbuyuni, upande wa Taveta. Katika Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walizitumia ndege za majini kuipiga Kigoma mwaka huohuo. Mmoja wa marubani wao, Aimé Behaeghe, alikufa Niemba mwezi Desemba 1916. Alifishwa na maradhi wala si risasi, na katika hilo hakuwa peke yake: homa iliwaangusha wanajeshi wengi wa vita vile kuliko adui. Aliyeshushwa porini na injini mbovu alikabiliwa na kiu na mwendo mrefu wa miguu, katika nchi ambayo ramani zake zilikuwa na nafasi tupu.

Lakini ni nani aliyefyeka viwanja hivyo? Ni nani aliyebeba petroli na mabomu mahali pasipo reli? Hapa ndipo kumbukumbu za maandishi zinapopunguza sauti. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 90,000 walipoteza maisha katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Rubani aliyekufa ana kaburi lenye jina. Wapagazi walio wengi hawana.

5. Lugha ilihifadhi nini?

Tuyatazame sasa maneno. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mwelekezi wa chombo cha baharini, ajuaye miamba na mikondo. Usukani ulikuwa wa jahazi. Abiria na nauli vilikuwa vya chomboni. Kiswahili kilipokutana na chombo cha angani, hakikukosa maneno. Kilifungua hazina yake ya baharini na kutoa kilichofaa. Neno eropleni liliingia pia, lakini halikuliondoa neno ndege.

Neno ndege lina funzo la pekee. Tunasema ndege ametua, na tunasema ndege imetua. Umbo la nomino ni lilelile. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha kiumbe na mtambo. Msemaji aliukubali mfano wa ndege wa angani, ila hakukubali kuupa mtambo uhai.

Kitenzi kutua nacho kina upana unaostahili kuzingatiwa. Mpagazi hutua mzigo. Baharia hutua tanga. Jua hutua. Ndege hutua. Katika kitenzi kimoja wamekutana mpagazi na rubani, ambao vitabu vya vita vimewatenga. Tena, hatari yote niliyoieleza imo katika tofauti baina ya vitenzi viwili: kutua na kuanguka.

Na wapagazi je, waliacha neno gani? Waliacha jina la mahali. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Maelfu hupita hapo kila siku kununua na kuuza, na wachache hukumbuka kwamba wanalitaja jeshi la waliokufa wakiwa na mizigo kichwani.

6. Hitimisho

Sikusudii kuushusha ujasiri wa marubani. Mtu aliyeendelea kutuma ishara huku akianguka anastahili heshima, awe wa upande wowote. Ninalodai ni kwamba uchunguzi wa istilahi usiishie kwenye orodha ya maneno na asili zake. Ukiishia hapo, utaona lugha ikikopa na kupanua maana, lakini hutawaona watu.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Yasomeni magazeti ya Kiswahili ya zama zile, kama Kiongozi lililochapishwa Tanga chini ya Wajerumani, na Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Chunguzeni jinsi waandishi walivyoitaja ndege, walivyomtaja rubani, na walivyomtaja au kutomtaja mpagazi. Walioshuhudia wamekwisha kututoka. Maandishi na maneno ndiyo mashahidi waliobaki, na shahidi asiyeulizwa hasemi.