Kikohozi kimeanza lini?

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wakazi, Likoni



Mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari, na huko hufundishwa mapema kuuliza jambo limeanza lini. Leo nauliza hivyo kuhusu kikohozi, kwa sababu wengi wetu tunakinunulia dawa dukani, kikitulia tunanyamaza, kikirudi tunasingizia vumbi au upepo wa feri.

Damu ina chembechembe nyeupe, walinzi wa mwili. Kijidudu cha kifua kikuu, yaani TB, kikiingia mapafuni, baadhi yazo hukimeza. Lakini hiki ni sugu: mara nyingi hakifi, hukaa mle mle kilimomezwa. Basi nyingine huja kukizingira, na kinaweza kufungiwa hivyo miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Takriban robo ya watu duniani wana kijidudu hiki mwilini, na wengi wao hawataugua.

Hatari ni walinzi wakipungua. Virusi vya Ukimwi hushambulia chembechembe ziitwazo CD4, ambazo ndizo huziamrisha nyingine. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikipungua, uzio hulegea na TB iliyolala huamka. Chini ya 200, mtu yuko hatarini kabisa. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hudhoofisha walinzi hawa.

ARV zikimezwa kila siku huzuia virusi kuzaana, na CD4 hupanda tena. TB ya kawaida hutibiwa miezi sita, na hapa ndipo tunapoteleza: mwezi wa pili kikohozi kimeisha, mwili umerudi, mtu anaacha vidonge. Vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu kwa dawa, na tiba yake ni ngumu zaidi. Katika nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi mmoja, hilo si la mtu mmoja.

Kupimwa na kutibiwa TB ni bure katika hospitali za serikali, ikiwemo yetu ya Likoni na ile ya Port Reitz, Changamwe. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku au anayekonda, aende, na apimwe Ukimwi siku hiyo hiyo. Mwenye mgonjwa wa TB nyumbani aulizie dawa za kinga, hasa kwa watoto.

Maswali nayapokea. Ya kitabibu, wahudumu wa afya ya jamii wako pale chini ya mwembe.