Ufadhili wa Somo la Sanaa katika Shule za Kata: Tununue Nini Kwanza?



Tangu Januari 2016 mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule ya serikali halipi ada. Serikali huifidia shule ile ada ya zamani, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa, na kuongeza ruzuku ya uendeshaji. Fedha hizo zinangojewa na mengi: chaki, umeme, kemikali za maabara, mitihani ya ndani. Mkuu wa shule akifika kwenye somo la Sanaa, mfuko umeshakauka, wala simlaumu. Hapo ndipo mfadhili anapoingia.

Tulio kwenye kazi hii tunayajua maboksi ya mfadhili. Yanakuja na rangi za tyubu, brashi za manyoya na karatasi nene; picha za makabidhiano zinapigwa, kisha yanafungiwa stoo kwa kuwa mwalimu wa somo hayupo. Au yupo mwalimu wa Jiografia aliyeombwa kushika vipindi, naye anaogopa kumaliza vitu vya wageni. Rangi zinagandia humo humo, na mtoto anaendelea kuchora kwa penseli nyuma ya daftari la Hisabati.

Kuhusu vifaa na mwalimu, tumtazame mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupaka baiskeli. Alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameshawafundisha vijana waliomzunguka, nao wakauendeleza mtindo wake. Wafadhili huupenda mfano huu, eti unaonyesha msanii hahitaji mengi. Mimi nausoma vingine. Rangi ikiisha, dukani ilikuwepo nyingine. Na vijana wale walikuwa na mtu wa kukaa nao akiwaelekeza. Boksi halileti lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo mfadhili atoe kidogo kila mwaka kwa miaka minne, ili kundi moja la wanafunzi lisome hadi mtihani wa Taifa, ambao una sehemu ya vitendo. Fungu kubwa liwe posho ya mwalimu wa kujitolea: wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo mitaani wakitafuta kazi. Kinachobaki kinunue vifaa vya duka la karibu, risiti zikaguliwe na bodi ya shule.

Najua wafadhili wengi hawapendi kulipa watu. Wanauliza, mradi ukiisha nani atamlipa? Swali ni la haki, na mchango wa wazazi si jibu. Jibu ni ikama, yaani nafasi za watumishi zilizoidhinishwa na serikali. Mkataba uitaje halmashauri kwa jina, nayo iahidi kuomba nafasi ya mwalimu wa Sanaa kwa shule hiyo. Maombi hayo yaingie kwenye bajeti ya mwaka wa pili, wakati mfadhili bado yupo na anaweza kuuliza yamefikia wapi.