Shahidi Anayepinga: Namna ya Kutengeneza Filamu za Makala juu ya Watakatifu na Maisha ya Kitawa



Nimeombwa nizungumze nanyi, mnaofanya kazi katika idara za mawasiliano za majimbo na mashirika, kuhusu filamu za makala juu ya watakatifu na watawa. Naitaja hoja yangu mapema ili atakayeipinga ajiandae. Kanisa halimtangazi mtu kuwa mtakatifu kabla ya kumchunguza. Huwaita mashahidi na kuwaapisha, husoma maandishi yake yote, yakiwemo yale ambayo yeye mwenyewe asingependa yasomwe, na huwatafuta hata watu ambao hawakumpenda. Kwa karne nyingi alikuwepo Mtetezi wa Imani, aliyezoeleka kwa jina la wakili wa shetani, na kazi yake ilikuwa kuleta kila pingamizi linaloweza kuletwa. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alibadili utaratibu na nafasi ya ofisa huyo ikapungua, lakini wajibu wa kumsikia anayepinga ulibaki palepale. Filamu zetu huanza uchunguzi ukishakwisha. Tunaichukua picha iliyokwisha kubarikiwa, tunaitia kinanda na sauti nzito ya msimulizi, tunawahoji watu watano wanaosifu jambo lilelile, kisha tunaiita makala. Mimi nasema filamu juu ya mtakatifu ifuate njia ya uchunguzi na kuiachia Misa ya shukrani sherehe zake.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Mama Teresa wa Kolkata. Mwaka 1969 mwandishi Malcolm Muggeridge alikwenda India na kikosi cha BBC kutengeneza filamu iliyoitwa Something Beautiful for God. Filamu hiyo ndiyo iliyomfikisha Mama Teresa katika sebule za Ulaya miaka kumi kabla ya Tuzo ya Nobel. Walipofika Kalighat, katika nyumba ya watu waliokuwa wakikaribia kufa, mpiga picha Ken Macmillan aliona chumba ni kiza na hawana taa za kutosha. Akajaribu mkanda mpya wa Kodak uliokuwa umewafikia muda si mrefu. Baadaye picha zilipooneshwa, kila kitu kilionekana wazi. Macmillan alisimulia kwamba alikuwa karibu kuwapongeza Kodak, Muggeridge akamwahi: huo ni mwanga wa Mungu. Tangu hapo akauandika na kuutangaza kama muujiza.

Sina nia ya kumdhihaki Muggeridge. Alikuwa mtu anayemtafuta Mungu kwa dhati, na mwaka 1982 aliingia Kanisa Katoliki. Lakini angalieni kilichopotea pale. Alikuwa na mpiga picha hodari aliyefanya uamuzi mzuri wa kiufundi katika chumba kigumu. Alikuwa na masista wanaoosha vidonda. Hayo yalitosha, naye akatafuta ishara ya ziada. Halafu kuna jambo zito zaidi. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, zikihaririwa na Padre Brian Kolodiejchuk aliyesimamia kesi yake ya kutangazwa mtakatifu huko Roma, zilionesha kwamba kwa karibu miaka hamsini mama huyo aliishi katika kiza cha moyo, akisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Siku ambayo kamera iliona mwanga Kalighat, yeye alikuwa ndani ya kiza hicho, na bado aliamka alfajiri, akasali, akaenda kuwaosha wagonjwa. Aliomba barua hizo zichomwe. Waliomchunguza walizihifadhi na wakazisoma. Kwangu mimi utakatifu wake unaonekana katika barua hizo kuliko katika mwanga ule, na hakuna kamera ya mwaka 1969 ambayo ingeweza kuupiga picha.

Mwaka 1994 mwandishi Christopher Hitchens alitoa filamu kali ya kumshambulia Mama Teresa kwenye runinga ya Uingereza. Wakatoliki wengi walikasirika, na baadhi ya lugha yake kweli ilikuwa ya kuumiza. Lakini kesi ya Mama Teresa ilipofunguliwa, Hitchens aliitwa mbele ya watu wa Kanisa, Washington, akatoa ushahidi dhidi ya mama huyo. Aliyoyasema yakaandikwa. Kesi ikaendelea hadi mwaka 2003 alipotangazwa mwenyeheri, na mwaka 2016 mtakatifu. Ikiwa Kanisa halikumwogopa Hitchens, kwa nini mhariri wa filamu ya jimbo aogope sauti ya muuguzi aliyeona dawa hazitoshi, au ya mtu aliyelelewa katika kituo cha masista na ana malalamiko yake?

Teresa wa Mtoto Yesu anatufundisha jambo linalofanana na hilo. Dada yake Celina alipoingia monasteri ya Karmeli ya Lisieux mwaka 1894, aliingia na kamera, jambo la nadra wakati ule. Kwa hiyo tuna picha halisi za mtakatifu huyo: akiwa uani, akiwa amevaa kama Yoana wa Arko katika mchezo wa kuigiza, akiwa mgonjwa kitandani, na hata maiti yake mwaka 1897. Celina alimpenda mno mdogo wake. Baada ya kifo akazirekebisha sura zile, akazilainisha, akachora nyingine, na ni hizo zilizosambaa dunia nzima. Kitabu cha Teresa nacho kilirekebishwa na dada yao mwingine, Mama Agnesi, kabla ya kuchapishwa. Maandishi kama alivyoyaandika mwenyewe yalitolewa mwaka 1956, na picha ambazo hazikuguswa mwaka 1961. Zitazameni. Msichana aliyeko kwenye picha hizo ana taya imara na macho ya mtu anayejua anachokitaka. Aliyefichwa alikuwa na nguvu kuliko yule aliyepambwa. Waliomficha walimpenda, na ndiyo maana nasema upendo peke yake haumtoshi anayehariri.

Sasa nije kwenye mashirika ya kitawa, na hapa nitakaa, kwa sababu wengi wenu mtaombwa filamu ya jubilei: miaka hamsini ya shirika, miaka mia ya parokia. Kwa kazi ya namna hiyo sijaona filamu ya kujifunza kuliko Die große Stille ya Mjerumani Philip Gröning, iliyotoka mwaka 2005. Inahusu Wakartusi wa Grande Chartreuse, katika milima ya Ufaransa ambako Mtakatifu Bruno alianza maisha hayo mwaka 1084. Gröning aliwaomba ruhusa mwaka 1984. Wakamwambia bado. Jibu la kukubali lilimfikia baada ya miaka kumi na sita. Alikwenda peke yake bila kikosi, bila taa za umeme za kupigia picha, akaishi nao kwa muda wa karibu miezi sita, akishika kazi na kufuata kengele kama wao.

Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu. Haina msimulizi. Haina muziki ila ule unaoimbwa na watawa wenyewe, sanasana katika sala ya usiku, wakati kanisa ni giza na taa moja ndogo inawaka. Mtawa anakata kitambaa cha kanzu. Mwingine analisha paka. Wanaletewa chakula kupitia kidirisha cha chumba. Manovisi wanapokelewa. Siku ya matembezi ndiyo wanazungumza, na wakati wa theluji wazee wazima wanateleza mlimani wakicheka. Mtawa mmoja kipofu, karibu na mwisho, anaongea juu ya kifo bila hofu, na kwa kuwa tumenyamaza naye kwa muda mrefu, maneno yake machache yanaingia.

Nimesikia wakisema filamu kama hiyo haiwezi kufanywa kwetu kwa sababu watazamaji watalala. Sikubaliani. Mkristo wa kwetu anayeweza kukesha usiku kucha Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, kabla ya Juni 3, au kusali Njia ya Msalaba juani, anajua kukaa na jambo. Kinachomchosha ni hotuba ya mgeni rasmi iliyowekwa nzima ndani ya filamu. Acheni masista wa Kibenedikto waimbe zaburi mpaka mwisho. Acheni bruda fundi wa karakana atengeneze bawaba bila kumwambia ageuke aeleze anachofanya. Mtu anayetazama ataanza kuelewa kwa nini kazi na sala vimewekwa katika ratiba moja.

Wakartusi hawana desturi ya kupigania ndugu zao watangazwe watakatifu. Hata Bruno mwenyewe hakupitishwa katika kesi rasmi; heshima yake iliidhinishwa na Papa Leo X mwaka 1514. Mashirika yetu mengi yana hali nyingine: yanataka sana mwanzilishi wao ajulikane, na mwenye kulipia filamu ndiye mkuu wa shirika. Basi lisemeni mapema, kabla ya fedha kutolewa, kwamba mkuu ataiona filamu ili arekebishe makosa ya ukweli, na kwamba hatakuwa na haki ya kuondoa ushahidi wa kweli usiompendeza. Mkishindwa kukubaliana, afadhali kazi hiyo apewe mwingine.

Ridhaa nayo haizungumzwi vya kutosha. Sista ameweka nadhiri ya utii. Mama mkuu akimwambia aende mbele ya kamera, atakwenda. Hiyo ni ruhusa ya mama mkuu. Ya sista bado hamjaipata. Muulizeni tena mkiwa naye pembeni, na akikataa msimshtaki kwa mkubwa wake. Novisi asiulizwe mambo ya moyoni ambayo hata mlezi wake bado anayapambanua naye. Mgonjwa na mtoto yatima wana haki zaidi ya hapo. Kila ninapoitazama filamu ya Kalighat najiuliza nani aliwaomba ruhusa wale waliokuwa wakikata roho, na kwa lugha gani.

Nimalizie na kazi iliyo mbele yetu sisi tunaozungumza Kiswahili. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro, Kongo, usiku wa kuamkia Desemba 1, 1964, baada ya kumkatalia ofisa wa waasi wa Simba aliyetaka kumfanya mke. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri Kinshasa, Agosti 15, 1985, na akatamka msamaha kwa aliyemuua. Filamu ya kawaida itaonesha msichana mwema na askari wabaya. Filamu ya uchunguzi itauliza Simba walitoka wapi, walikuwa na hasira gani baada ya Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuuawa, na uasi uliozaliwa katika vijiji vilivyokata tamaa uligeuka vipi kuwa mauaji. Ukielewa hayo, kukataa kwa Anuarite na msamaha ule vinapata uzito mwingine. Lakini mashahidi wanazeeka: sista aliyekuwa na miaka ishirini usiku ule sasa amepita themanini.

Vivyo hivyo kwa Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye kesi yake ilianzia Jimbo la Musoma. Msimwite mtakatifu kwenye filamu, kwa sababu Kanisa bado halijasema, na mkitangulia mnaiharibu kesi yenyewe. Lakini mashahidi warekodiwe sasa: waliosali naye Misa za asubuhi, na pia waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji ya serikali yake, na familia za waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa. Rekodini kila mmoja kwa ukamilifu wake, bila kukatakata, kwa lugha anayoiota, hata kama ni Kizanaki. Andikeni tarehe, mahali na masharti aliyoyaweka. Nakala moja ibaki jimboni, nyingine kwa familia. Uamuzi wa kipi kiingie kwenye filamu unaweza kusubiri miaka kumi na sita kama ule wa Wakartusi. Kurekodi hakuwezi, na napendekeza kila idara iliyowakilishwa hapa iondoke na majina ya wazee watatu wa kuanza nao kabla ya Majilio.