Kabla ya Samadi, Mkono Kwanza

Msikilizaji wa Mumias, wewe unayefuga samaki, hebu yaangalie maji ya kidimbwi chako.

Tangu 2009, serikali ilipoanza kuwasaidia wakulima kuchimba vidimbwi, wengi wetu tumezoea kutia samadi. Ni vizuri. Lakini kifaranga wa kambare hashibi samadi. Samadi huozeshwa na bakteria, rutuba ikatoka. Rutuba hukuza mwani, maji yakawa kijani. Kisha vijidudu vile vinavyorukaruka majini hula mwani, na hula bakteria wenyewe. Hivyo vijidudu ndivyo chakula cha kwanza cha kifaranga. Bila bakteria, kifaranga analala njaa.

Sasa sikiliza hapa. Bakteria nao wanapumua. Ukimwaga samadi nyingi wanaongezeka mno, na usiku wanamaliza hewa majini. Alfajiri utawakuta samaki wamejaa juu, midomo wazi.

Basi pima kwa mkono. Jua likishapanda, zamisha mkono taratibu ukikitazama kiganja. Kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, usitie samadi. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, ongeza kidogo. Kipimo hiki ni cha maji ya kijani, si ya tope la mvua.

Narudia: kabla ya samadi, mkono kwanza.

Samadi iweke ndani ya gunia, ulifunge kwenye kona ya kidimbwi. Samaki wakihema juu, litoe gunia mara moja, usiwalishe, fungulia maji mapya. Wakiendelea kufa, mwite afisa wa uvuvi wa kaunti.