Voliyumu Isiyokwaruza

Ntalikwa hapa Tabora, kiangazi kikikolea, ukizungusha voliyumu ya redio kuukuu utasikia mkwaruzo. Ni vumbi. Ndani ya voliyumu mna njia ya kaboni, na juu yake hutambaa ulimi wa chuma. Vumbi likiingia katikati, sauti hukatika. Fundi hufungua, hupuliza, hutia tone la spiriti, na taarifa ya habari husikika tena.

Redio nyingine siku hizi zina vitufe tu, cha kupandisha na cha kushusha. Nyuma yake huweza kuwamo poteshomita ya dijitali: chipu yenye mlolongo wa rezista na swichi za elektroniki, zinazochagua hatua moja kati ya, tuseme, 128 au 256. Zipo zinazokumbuka hatua ya mwisho hata betri zikitolewa. Hakuna kinachosuguana humo, kwa hiyo vumbi halina la kufanya.

Lakini nyingi zimeundwa kwa volti 5 hivi. Ukizidisha inaungua, na hapo spiriti haisaidii kitu; inatakiwa chipu nyingine ya namba ile ile. Fundi wetu ataipata wapi? Wanaotuuzia redio hizo watuletee na vipuri vyake, tena hapa Tabora, visiishie Dar es Salaam.