Umekaa Ng'ambo Miaka Mingi: Uone Nini Kabla ya Kurudi?

(Maneno ya mama mmoja mwanachama, aliyeuza vitenge Dar es Salaam kwa miaka 18, mbele ya mkutano wetu hapa Uvira. Tumeyaandika namna alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.)



Komite iliniomba niseme juu ya neno moja lenye kuturudilia kila kiangazi. Mtu amekaa Tanzania miaka kumi, ishirini. Ameuza kitanda, amefunga mizigo, tarehe ya kurudi imewekwa. Halafu anapiga simu: "Mama, niko hapa muda huu wote, sijaona Zanzibar, sijaona Serengeti, hata Bagamoyo sijafika. Nikifika nyumbani wataniuliza, nitajibu nini? Niende wapi kwanza?"

Kuna wenye kucheka swali hilo. Mimi silicheki. Mwenye kukaa mahali kwa kazi haendi kutembea. Anajua njia ya nyumba na ya soko, anajua mzigo unaingia siku gani, anajua nani anakopesha na nani atakukatalia. Jumapili anafua, anaenda kusali, analala. Miaka inapita hivyo. Na mtalii aliyekuja siku kumi anarudi kwao ameona kuliko wewe. Hiyo inauma, tusidanganyane.

Lakini pesa ya kurudi iko na majina yake. Iko nauli, iko nyumba ya miezi mitatu ya kwanza, iko minervali ya watoto, iko kitu cha kuanzia biashara. Ukiitembeza Serengeti, mwezi wa pili utakuwa mlangoni pa katibu wetu, na kisanduku chetu munakijua namna kilivyo. Kwa hiyo swali si "wapi ni pazuri." Pazuri ni pengi mno. Swali ni: wapi panastahili kile kidogo kilichobaki, kwa mtu kama wewe?

Mimi naanza kwa kufuta. Orodha ya watalii ilitengenezwa kwa mtu mwenye siku kumi na pesa ya kutosha, asiyejua neno moja la lugha. Wewe si yule. Kupanda Kilimanjaro ni siku tano au zaidi, na unalipa dola juu ya dola. Mlima wenyewe, mita 5,895, ukipita Moshi asubuhi yenye mbingu safi utauona bure. Na sisi tuko na Ruwenzori, mita 5,109, inayogawanywa na mpaka wetu na Uganda. Wanyama? Virunga ni yetu, ilianzishwa 1925, ni hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika nzima. Najua mutasema leo huko hakuendeki. Ni kweli. Lakini simba hatakwambia kitu juu ya maisha yako. Nikiwa na nauli ya safari moja tu, sitaitumia kwa simba.

Mimi naangalia kwanza: mahali hapo pana neno juu yetu? Watu wetu walipita pale?

Chukueni Kariakoo, ambako wengi wetu tulinunua mzigo. Jina lenyewe linatoka kwa Carrier Corps, wapagazi waliobebea Waingereza mizigo katika vita kuu ya kwanza. Na palepale Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Manyema! Jina la Maniema yetu, Kasongo na Kindu, katikati ya Dar es Salaam. Ni wangapi kati yetu waliopita mbele yake na furushi kichwani na hawakujiuliza jina hilo lilifikaje pale? Kwa hiyo unapoandika sehemu ambazo hujaziona, anza na zile za dakika kumi kutoka nyumbani kwako. Hazidai nauli.

Bagamoyo ni kilomita kama 70 kutoka Dar. Unaenda asubuhi, unarudi jioni. Pale ndipo njia ya misafara ilipoishia: Ujiji, Tabora, mpaka baharini. Pembe na watu kutoka upande wetu wa ziwa vilishuka kwa njia hiyo. Misheni ya Wakatoliki iko pale tangu 1868, na katika kanisa lake la zamani mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja mwaka wa 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Wazungu wanaenda kwa ajili ya Livingstone. Wewe nenda kwa ajili ya waliobeba.

Zanzibar ni hesabu ingine. Boti inadai pesa, na bei ya mgeni si bei ya raia. Nimewaambia wengi waiache. Lakini nikimwona mtu wa Kasongo, namwambia: wewe ufanye nguvu uende. Soko la watumwa lililofungwa 1873 liko kanisa la Waanglikana juu yake leo. Na mtaa wa Shangani kuna nyumba ya Tippu Tip, yule Hamed bin Muhammed aliyetawala Kasongo, ambaye serikali ya Leopold ilimfanya gavana wa Stanley Falls, ni kusema Kisangani, mwaka wa 1887. Alikufa kulekule Zanzibar mwaka wa 1905. Mtu wa Kasongo akisimama mbele ya mlango ule, ukubwa wake unamwambia kitu ambacho kitabu cha shule hakikumwambia: mali ile ilitoka wapi. Wengine watamaliza fukwe na pweza tu. Pweza ni mtamu, sikatai.

Jambo la pili ni njia. Sehemu iliyo kwenye njia yako ya kurudi inagharimu usiku mmoja wa kulala. Iliyo pembeni ya njia inagharimu safari nzima. Watu wanasahau hesabu hiyo. Wanakwenda Arusha, wanarudi Dar, ndipo wanaanza kurudi nyumbani.

Reli ya kati inakwenda kutoka Dar mpaka Kigoma, kilomita 1,250 hivi. Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka wa 1914. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kisha ile ya zamani inaendelea. Sasa katikati kuna Tabora. Nani hapa alishuka Tabora? Munaona, mikono miwili tu. Na Tabora ilichukuliwa na askari wa Kongo! Force Publique waliingia mwezi wa tisa 1916, wakubwa wao Wabelgiji, askari na wapagazi ni babu zetu. Kigoma walikuwa wameshaichukua mwezi wa saba. Ndiyo maana baada ya vita, katika mapatano ya 1921, Wabelgiji walipewa sehemu yao katika bandari ya Kigoma na ya Dar, ile Belbase ambayo wazee wa bandarini bado wanaitaja. Mzigo wa Kongo ulipita pale miaka mingi sana. Mimi nilikuwa nafikiri sisi Wakongomani tulifika Tanzania kama wakimbizi na wachuuzi tu.

Kisha Kigoma. Unangojea boti siku mbili, unakaa juu ya mizigo unahesabu mabegi. Acha mtu mmoja alinde, bengine muende Ujiji, ni kilomita chache. Mutaona pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka wa 1871, na miembe. Lakini tembeeni mitaani pia, muongee na wazee. Utakuta anayekwambia babu yake alitoka Maniema. Na kama meli Liemba iko bandarini, muwaonyeshe watoto. Iliundwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikaletwa vipandevipande, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaitoa majini 1924, mwaka wa 1927 ikarudi kazini.

Nasema watoto kwa sababu. Mtoto aliyezaliwa Buguruni akifika hapa Uvira, wenzake wa shule watamwita Mtanzania, watamcheka namna anavyosema. Tumeliona kila mwaka, na wengine waliacha shule kwa ajili yake. Yule aliyepita Tabora na Ujiji na akaelezwa, ana cha kujibu. Anaweza kusema: njia hii ni yetu toka zamani, watu wanaenda na kurudi. Kwangu mimi hiyo inazidi picha ya twiga.

Jambo la tatu ni karatasi. Ukiwa bado na kibali cha kukaa, wewe ni mkazi. Hifadhi za Tanzania ziko na bei moja ya mgeni wa mbali, ingine ya mgeni mkazi, ingine ya raia wa Afrika ya Mashariki. Na Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka wa 2022. Kwa hiyo mtu anayetamani Gombe, kwa sokwe ambao Jane Goodall alianza kuwafuata 1960, aulize bei yake na pasipoti mkononi kabla ya kulipa boti, na aende kibali kikiwa hai. Kibali kikiisha, umekuwa mgeni kama mgeni yeyote.

Sasa neno kwa wale waliotoka kambini. Ninyi mulikaa Nyarugusu, wengine tangu ilipofunguliwa 1996, na kutoka nje ilikuwa kwa ruhusa. Hamukukosa kuona kwa sababu ya uvivu. Asiwepo mtu wa kuwauliza kwa dharau "miaka yote hiyo uliona nini?" Na hapa ndipo ninawageukia wafadhili. Tunapolipia nauli ya familia, tunawasukuma kama magunia: leo basi, kesho boti. Siombi pesa ya kutembea, hapana, kisanduku si cha matembezi. Ninaomba siku moja. Ratiba ya Kigoma iwe na siku moja iliyo huru, watu walale, waoge, waende Ujiji kwa mguu au kwa daladala, ndipo wavuke. Komite ilikubali kulijadili. Wengine wanasema siku moja zaidi ni chakula zaidi, na ni kweli, ni chakula cha siku moja.

Wenye ndugu watakaopanda treni kiangazi hiki, muachie katibu majina yao leo, na muandike kama wanataka kushuka Tabora au hapana, kwa sababu tiketi inakatwa tofauti. Wale wa Kasongo, munione mimi kando.